Lori la Phares Halibebi Mbuzi

Barabara ya Mombasa, kupita Emali
9 Agosti 1994

Kwa Mama Maurine,

Usishtuke ukiletewa bahasha hii na makanga wa basi. Mimi ni mzima, lori limesimama, na sabuni ya watu haijapotea hata kipande. Nimeanza na hayo kwa sababu najua unavyosoma barua siku hizi: unaanzia mwisho, kutafuta nani amekufa. Safari hii kilichokufa ni pampu ya dizeli.

Tulikuwa tunapanda kale kamlima baada ya Emali, lori likaanza kukohoa kama mimi asubuhi. Nikakanyaga, halina nguvu. Moshi mweupe, kisha hakuna moshi, kisha kimya. Nimefungua mirija yote ya nozeli kutoa hewa, nimepiga pampu ya mkono hadi kidole gumba kikavimba. Dizeli inafika kwenye pampu kubwa, lakini upande wa pili haitoki hata tone. Miaka yote hii ya usukani imenifundisha mambo mawili tu ya injini, na moja ni hili: ikifika hapo, fundi wa barabarani aiachie kampuni iliyoitengeneza.

Tajiri wa sabuni alileta lori jingine akahamisha mzigo. Hakunitukana. Alinitazama tu, na ingekuwa afadhali anitukane.

Sasa, Mama, lori halijatimiza mwaka. Marehemu mumeo aliiweka karatasi ya waranti ndani ya Biblia, kwenye Zaburi, akasema huko hakuna mwizi atakayefungua. Itoe, uipeleke kwa kampuni iliyotuuzia, kule Industrial Area. Imeandikwa kwamba kitu kikiharibika ndani ya mwaka, wao ndio wanaotengeneza. Waambie ile sili ya madini ya risasi iko juu ya pampu kama walivyoifunga, hakuna aliyeigusa.

Mimi siondoki hapa. Lori likiachwa peke yake barabara hii, kesho unalikuta limekaa juu ya mawe, halina gurudumu. Nalala kwenye kebini, na nyuma nimetundika ile kandili ya Mzee Phares ili mabasi yasije yakaniamsha vibaya. Nakula muthokoi, mahindi ya kukoboa, kwa mama mmoja hapa, chakula ambacho marehemu alikiita kokoto za Wakamba. Siku ya soko wachuuzi wa mbuzi huja kuniuliza kama nabeba. Nawajibu kama alivyowajibu yeye: lori la Phares halibebi mbuzi. Wanacheka, wanasema kwa sasa halibebi hata inzi.

Msalimie mke wangu Ndunge. Mwambie sijakonda, ingawa angefurahi nikikonda.

Ni mimi dereva wako,
Nzivo, Baba Mumo


Kaloleni
Nairobi, 14 Agosti 1994

Baba Mumo,

Kweli nilianzia mwisho. Usinicheke.

Nimefika kwa kampuni. Nilipokewa na bwana mmoja anaitwa Mulama, ndiye anayeshughulikia mambo ya waranti. Mtu mpole, anaongea na karatasi kuliko anavyoongea na mtu. Aliitazama karatasi yetu mbele na nyuma akasema, "Hii iko hai, mama." Nilisikia vizuri kuambiwa kwamba kuna kitu cha Phares kilicho hai. Atamtuma fundi aje aing'oe pampu, ailete hapa wakaifungue wenyewe.

Nakuomba usimwache hadi amalize. Unajua lori hili ni nini kwangu, jasho la Phares la miaka ya reli. Shemeji Otiende alisema pale pale kaburini, udongo haujakauka, kwamba likimshinda mama lirudi nyumbani kwa ndugu. Juzi ametuma salamu akiuliza linaendeleaje. Hakuuliza mimi naendeleaje. Akijua limelala barabarani atakuja na watu wake, na mimi sitakuwa na la kuwaambia.

Maurine anasoma, mtihani unakaribia. Ndunge nilimwona kanisani, anasema afadhali ukonde.

Benta naye anakusalimu, Benta wetu wa kibanda cha mafuta taa karibu na holi. Amezeeka ghafla tangu mazishi. Kila jioni ananisimamisha na neno moja: "Muulize Nzivo kama mchango wangu ulifika Yala." Watu wote wa Kaloleni walichanga ili Phares akazikwe kwao Yala, sijui kwa nini wake unamsumbua hivyo. Nimjibu nini?

Phelister


Emali
20 Agosti 1994

Mama Maurine,

Fundi wa kampuni alikuja jana. Ana suruali safi kuliko yangu ya Krismasi. Aliitazama sili, akaridhika. Akaing'oa pampu, akaifunga kwenye gunia kama mtoto mchanga. Ilikuwa vizuri mpaka hapo. Kisha akafungua kifuniko cha tangi, akainama, akanusa. Akaniomba chupa ya soda tupu, akavuta mafuta kidogo, akaifunga kwa kipande cha plastiki na kuiweka ndani ya shati. Nilimkaribisha muthokoi, akasema ameshiba. Mtu aliyetoka Nairobi alfajiri hajashiba.

Kuhusu Benta: mwambie ulifika. Ulifika Yala hadi mlangoni. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze.

Juzi nilikuwa nakumbuka ile safari, tulivyopanda Timboroa na jeneza nyuma, lori likivuta kama limefungwa jiwe. Akina mama waliacha kuimba wakaniuliza kuna nini. Nikawaambia lori nalo linaomboleza. Wakaimba tena, kwa sauti zaidi. Sijui kwa nini nakuandikia haya. Hapa kuna muda mwingi, na mbuzi si watu wa kuongea nao.

Nzivo


Kaloleni
27 Agosti 1994

Bwana Nzivo,

Nimerudi sasa hivi kutoka kwa kampuni na sijavua hata viatu.

Waliifungua pampu mbele yangu. Mulama akanionyesha vyuma vidogo, vimekwaruzika kama vilisuguliwa na mchanga. Akanieleza kwamba pampu hii haina mafuta mengine ya kuilainisha. Inalainishwa na dizeli ile ile inayopita ndani yake. Kisha akaweka chupa ya soda mezani. Akasema, "Nusa, mama." Sikuhitaji kuinama. Nimepika kwa stovu maisha yangu yote, najua harufu ya mafuta taa.

Akasema mafuta taa ni makavu, yanaila pampu. Akasema pia, bila kunitazama, kwamba madereva wana mchezo huo: wanauza dizeli ya tajiri njiani, wanajaza tangi kwa mafuta taa, bei ni rahisi. Waranti haigusi jambo hilo. Lakini akanionea huruma. Kama nitaandika kwamba dereva alifanya hivyo bila mimi kujua, na nikaenda polisi na jina lake, wakubwa wake watalichukua kama wizi na watanitengenezea. Karatasi amekwisha iandika. Hapa chini pana mstari wa sahihi yangu.

Phares alikupa wewe ufunguo wa pili kabla hajanipa mimi. Alisema, "Nzivo akiwa njiani mimi nalala." Nijibu jambo moja, na usiniletee habari za mbuzi. Mafuta taa yaliingiaje katika tangi la mume wangu?

Phelister Phares


Emali
31 Agosti 1994

Mama Maurine,

Sikuuza dizeli ya marehemu, wala siku moja. Lakini mafuta taa yalikuwemo, na nilijua yamo. Zaidi ya hayo sina la kuandika.

Tia sahihi.

Nimefikiria sana, na nina nafasi ya kufikiria kuliko mkuu wa wilaya. Ukitia sahihi, pampu inarudi, lori linatembea, Otiende anakaa kwake. Mimi nimekwisha kuwa mtu mzima, hata nikinyang'anywa leseni naweza kuchonga twiga kama kaka yangu, ingawa twiga wangu wa mwisho watalii walimdhani ni mbwa.

Ninaomba moja tu. Ndunge asisikie kwa askari mlangoni. Mwambie wewe mwenyewe, ukiwa umekaa.

Polisi wakija watanikuta hapa hapa, mimi na kandili. Sitawasumbua.

Nzivo


Kaloleni
8 Septemba 1994

Baba Mumo,

Kaa chini kwanza, kama hujakaa.

Nilifanya ulivyoomba. Nilienda kwa Ndunge, nikakaa, nikamwambia. Alikuwa anachambua maharagwe na hakuacha kuyachambua. Akasema, "Mama Maurine, mtu huyo akirudishiwa chenji iliyozidi, anarudi dukani kwa miguu, mvua ikinyesha. Mimi humgombeza. Wewe tia sahihi yako kama unataka, lakini usiniombe niamini." Halafu akanipa chai. Niliinywa, Baba Mumo, na nilishindwa kumtazama.

Njiani nikawa najiuliza. Mwizi anakataa, au anakimbia, au analia. Wewe umenihimiza. Mtu anayehimiza hivyo anamkinga nani? Nikamfikiria kila mtu, hata Maurine, Mungu anisamehe.

Jioni stima ikapotea. Nikachukua chupa nikaenda kwa Benta kununua mafuta ya taa yangu. Alikuwa ndani ya kibanda, amefunika mabega kwa kanga. Akaanza tena: "Nzivo amejibu?" Nikamwambia amejibu, anasema mchango wako ulifika Yala hadi mlangoni. Akanishika mkono. Akasema, "Basi nashukuru. Nilikuwa naogopa haukutosha."

Nikamuuliza, "Haukutosha kitu gani, Benta? Si ni ule wa kikapu?"

"Kikapuni sikuweka kitu," akasema. "Kikapuni ningeweka nini? Mimi nilimpa mafuta. Mitungi yangu yote, ya kibanda. Hukuona nilifunga? Nilikaa bila kuuza mpaka akina mama wa kanisa wakanikopesha mtungi mmoja wa kuanzia."

Nikamwambia kwa upole kwamba lori linatumia dizeli.

Akanicheka. "Ndiyo unavyodhani wewe mke wa mtu wa reli. Madereva wa malori makubwa makubwa wananunua hapa kwangu, wanajaza tangi mbele ya macho yangu. Lori linakunywa mafuta taa vizuri sana. Nililijaza mwenyewe, kwa faneli yangu, mlipokuwa mkimtoa Phares ndani. Nikasema alinitafutia kibanda hiki kwa halmashauri nilipofiwa, na mimi nimtafutie njia."

Nilikaa kwenye kreti ya soda. Akanijazia chupa, akakataa nimlipe. Habari za pampu nilirudi nazo nyumbani.

Karatasi ya Mulama sijaitia sahihi. Sasa niandikie yote. Hakuna tena wa kumkinga kwangu.

Phelister


Emali
12 Septemba 1994

Mama Maurine,

Basi umejua. Nimepumua, na nimeona aibu kwamba nimepumua.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimeshika upande wa miguu wa jeneza. Tulipotoka nje ya holi nikamwona Benta kando ya tangi, amepanga mitungi yake chini, yote mitupu, anafunga kifuniko. Alikuwa amevaa lile gauni jeupe la kanisa na limelowa kifuani. Harufu ilinifikia kabla sijafika. Watu walikuwa wanamtazama kwa heshima, Mama, unajua jinsi watu wanavyomtazama mtu aliyetoa kila kitu. Akaniambia, "Nzivo, mpeleke. Nimekujazia."

Ningefanya nini? Nilale chini ya lori, nifungue kizibo cha tangi, mafuta yake yamwagike kwenye majani ya Kaloleni, jeneza limewekwa chini likisubiri, na yeye amesimama hapo? Wewe ungenitazama vipi? Marehemu angenitazama vipi? Nilisema asante. Nikapanda. Njiani kila kituo niliongeza dizeli juu yake, nikijidanganya kwamba yatachanganyika yapotee.

Tuliporudi lori likapumzika siku zako za kuomboleza, na ufunguo ulikuwa kwako. Ulipolitoa, sabuni ilikuwa imesubiri na tangi likiwa nusu. Nilipaswa kulimwaga asubuhi ile. Nilikuona umesimama mlangoni, mara ya kwanza umevaa nguo isiyo nyeusi, unataka kuona lori likiondoka. Nikaliondoa.

Sasa sikiliza, na hapa sitanii. Ukimweleza Mulama habari hizi, atazipeleka juu. Watauliza Benta ni nani, kibanda kiko wapi, anawauzia madereva gani. Askari watafika pale na mabuti yao. Na hata wasipofika, mtu atamweleza kwamba ule mchango ndio uliolivunja lori la Phares. Hatapona. Mimi jina langu likichafuka litaoshwa na Ndunge. Ana sabuni kali. Tia sahihi.

Nzivo


Kaloleni
23 Septemba 1994

Baba Mumo,

Sikutia sahihi, na usinifokee kwa barua, kwa maana najua huwezi kunifokea uso kwa uso.

Nilienda kwa Mulama nimevaa sare ya akina mama wa kanisa, ili aogope kidogo. Nikamwambia, dereva wangu hakuiba. Mafuta yale yalitiwa siku ya mazishi, kwa wema, na mtu ambaye sitamtaja. Akaondoa miwani. Akauliza kama naelewa kwamba nikisema hivyo waranti imekufa. Nikamwambia nimekwisha zika kitu kikubwa kuliko hicho. Akaichukua ile karatasi ya sahihi akaipasua mwenyewe, taratibu, vipande viwili, vinne. Akanirudishia pampu ndani ya gunia lake. Aliponisindikiza hadi getini aliniambia baba yake naye alipelekwa Vihiga kwa mafuta ya kuchangiwa.

Kwa hiyo nilikuwa na pampu iliyokufa kwenye gunia, na Otiende ametuma neno kwamba anakuja mwisho wa mwezi. Nililia kidogo, halafu nikapanda hadi Kiamaiko, kwenye machinjio ya mbuzi.

Unamkumbuka Qorane, yule mfanyabiashara wa mbuzi ambaye kila mara alimfuata Phares, na Phares akimjibu kwamba lori lake ni jipya na halitanuka? Nilimkuta kati ya mbuzi wake. Nilimwambia ukweli, isipokuwa jina. Akasikiliza, akasema, "Mama, kwetu mtu akitoa maji yake yote kwa msafiri, hatuulizi kama yalikuwa na chumvi." Akamwita fundi wake wa pampu, akamwambia abadilishe vyuma vyote vya ndani. Si bure. Lori litabeba mbuzi wake kutoka Emali hadi Kiamaiko, kila siku ya soko, mpaka atakaposema imetosha.

Usiku nilifungua Biblia pale Zaburi palipokuwa na karatasi ya waranti, nikaongea na Phares. Nilimwambia, ulisema lori lako halibebi mbuzi. Sasa linabeba. Nimechagua kati ya neno lako na Nzivo na Benta, nikakuacha wewe, kwa sababu wewe hutaumia tena. Nilingoja nione kama nitasikia vibaya. Nilisinzia.

Mtu wa Qorane atakuletea pampu pamoja na barua hii. Mwaga tangi lote kabla hujaifunga. Otiende akija, nataka alikute lori uani, liwe linanuka namna gani.

Kuna jambo moja linanitisha. Benta amesikia lori linarudi. Amefurahi. Anasema safari ile aliona jinsi ulivyoshukuru, na anaweka mtungi mmoja kando kila siku, ili likifika alijaze tena. Sijui nitamzuiaje.

Phelister


Emali
29 Septemba 1994

Mama Maurine,

Pampu imefungwa. Lilikataa mara mbili, la tatu likakubali, na moshi wake niliuona mzuri kama wa jikoni kwetu. Mafuta ya zamani niliyamwaga kando ya barabara, shimoni, nikafukia. Kofia nilikuwa nimeivua. Mama wa muthokoi akaniuliza nimezika nini. Nikamwambia mchango.

Mbuzi wamepanda. Mmoja amekwisha kula kona ya turubai, na mwingine ananitazama kupitia kioo cha nyuma kwa macho ya yule tajiri wa sabuni. Marehemu angecheka, halafu angekasirika, halafu angeniambia niendeshe polepole wasivunjike miguu. Naendesha polepole.

Kuhusu Benta usiogope, nimekwisha pata njia. Kandili ya Mzee Phares imewaka nyuma ya lori hili usiku wote niliokaa hapa, nikiiongeza mafuta ya dukani, na jana imezimika, imekauka kabisa. Sitaijaza tena kwa mtu mwingine. Mwambie hivyo. Mwambie nikishusha mbuzi Kiamaiko, kabla sijaenda kwa Ndunge, kabla sijaoga, nitakuja nayo mpaka kibandani, na ninataka anijazie hiyo, si tangi, kwa faneli ile ile, mbele ya watu.

Nitaipokea kwa mikono miwili. Mitungi itakayobaki tutawasha nayo taa kwako, Otiende atakapokuja, tumwone vizuri.

Dereva wako,
Nzivo